Neno "Kinga" katika Istilahi za Tiba ya Saratani ya Mapafu

Katika maneno ya Kiswahili yatumikayo sana kwenye fani ya tiba, hapana lililobebeshwa mzigo mkubwa kama neno "kinga". Kitenzi chake ni cha kale na maana yake ya asili i wazi: mtu hukinga jua kwa kiganja, hukinga pigo kwa ngao, na mvua inyeshapo hukinga maji ya paa kwa ndoo. (Kinga cha moto, ambacho wingi wake ni vinga, tunakiacha kando, maana hilo ni neno jingine.) Wahudumu wa afya walilichukua neno hili wakalipa maana ya kuuzuia ugonjwa usije, na wito wa kwamba kinga ni bora kuliko tiba unajulikana hata na watoto wa shule. Baadaye, katika miaka ya 1980, ulipozuka ugonjwa ulioitwa Upungufu wa Kinga Mwilini, yaani UKIMWI, neno hilohilo lilienea mijini na vijijini likiwa jina la nguvu ambayo kwayo mwili hupigana na maradhi. Wataalamu wa eksrei nao, wanapozungumzia aproni ya risasi na kuta nene za vyumba vyao, husema "kinga ya mionzi". Hivyo neno moja linataja kitendo cha kuutangulia ugonjwa, jeshi lililomo mwilini, na stara ya kujifichia.

Aghalabu jambo hili halina madhara, kwani muktadha humwelekeza msikilizaji. Lakini upo ugonjwa mmoja ambamo maana zote tatu hukutana ndani ya jalada moja la mgonjwa mmoja, tena mara nyingine katika ukurasa mmoja. Ugonjwa huo ni saratani ya mapafu ya seli ndogo. Tuliletewa rasimu ya karatasi ya maelezo kwa wagonjwa wa maradhi hayo, iliyokuwa imefasiriwa kutoka Kiingereza, ili tuikague lugha yake. Ndani yake mlikuwa na "tiba kinga", "mionzi ya kinga ya ubongo", "dawa za kuzuia vituo vya kinga", na mwishoni "dawa za kuzuia kinga". Tuliwapa karatasi hiyo watu watatu wasiosomea udaktari. Mmoja, dereva wa basi, alipoimaliza aliuliza kama mgonjwa huyo ana saratani au ana UKIMWI. Swali lake ndilo lililotufanya tuyaandike makala haya.

Tunakusudia basi kueleza tiba za ugonjwa huu, zile kongwe na zile zilizozuka karibuni, na pale istilahi inapopwaya kupendekeza nyingine. Mapendekezo haya ni yetu, wala si istilahi sanifu mpaka Baraza liyapitishe.

Ugonjwa na jina lake

Juu ya "saratani" hatuna maneno mengi. Tumelipata kutoka Kiarabu, ambako maana yake ni kaa wa majini, na Wayunani na Warumi nao waliuita ugonjwa huu kwa jina la mnyama yuyo huyo. Neno "kansa" nalo limeenea katika mazungumzo, nasi hatuoni sababu ya kulikataza. Tabu inaanza na maneno yafuatayo.

Madaktari huzigawa saratani za mapafu katika makundi mawili makubwa, na hili tunalolizungumzia huwa yapata wagonjwa 15 katika kila 100. Karibu wote ni wavutaji wa tumbaku, au waliowahi kuvuta. Chini ya hadubini seli zake huonekana ndogo, zimebanana, na kiini cha kila moja kimeijaza seli karibu yote. Mwaka 1926 mwanapatholojia wa Uingereza, W. G. Barnard, alionyesha kwamba uvimbe wa kifua uliokuwa ukifananishwa na punje za oti kwa hakika chanzo chake ni pafu. Kwa muda mrefu Waingereza waliendelea kuuita ugonjwa kwa jina la punje hizo. Sisi tusiolima oti tumesalimika na urithi huo, tukapokea jina la baadaye, la udogo wa seli.

Sasa atazame msomaji jina tulilolipata: "saratani ya mapafu ya seli ndogo". Kivumishi "ndogo" kinapatana na "seli", lakini kinapatana vilevile na "saratani", kwa kuwa nomino zote mbili zimo katika ngeli moja. Kingekuwa cha mapafu kingesema "madogo", na hapo tusingekuwa na shaka. Mtu akisoma haraka, au akisomewa akiwa amefadhaika, husikia "saratani ndogo". Nayo si ndogo hata kidogo. Katika saratani za mapafu ndiyo yenye mbio kuliko nyingine: yapata theluthi mbili ya wagonjwa hugunduliwa ugonjwa ukiwa umekwisha kutoka kifuani na kuingia katika ini, mifupa, tezi zilizo juu ya figo, au ubongo. Ndiyo sababu upasuaji, ambao ni tegemeo katika saratani nyingine za mapafu, hapa hufaa kwa wachache sana. Mgonjwa aliyeambiwa kuwa ana "saratani ya seli ndogo" akarudi nyumbani kusubiri mavuno yaishe ndipo aende hospitali, atakuwa ameponzwa na upatanisho wa kisarufi.

Baadhi ya waandishi wamejaribu "chembe" badala ya "seli", lakini "chembe" nayo imo katika ngeli ileile, basi ugonjwa haukutibiwa. Sisi tunapendekeza kuitumia hazina iliyomo katika lugha yenyewe, yaani udogoshaji wa KI-VI. Seli ikidogoshwa huwa "kiseli", na wingi wake "viseli". Tukisema "saratani ya viseli", udogo umefungwa ndani ya nomino, wala hauwezi kurukia saratani. Kundi la pili litaitwa "saratani isiyo ya viseli". Tunajua kwamba udogoshaji wa Kiswahili hubeba dharau, kama katika "kijitu", na mtu anaweza kusema kuwa kuidharau saratani ni kosa lilelile kwa njia nyingine. Lakini lugha imekwisha kuzoea vidonge, vijidudu na vinasaba pasipo dharau yoyote. Kwa hiyo tutaliandika "saratani ya viseli" katika sehemu iliyobaki ya makala haya, ili masikio ya msomaji yalipime.

Juu ya hatua za ugonjwa twaweza kupita upesi. Mgawanyo unaotumika zaidi ni wa hatua mbili tu, nao uliwekwa Marekani katika miaka ya 1950 na watafiti wa hospitali za waliokuwa wanajeshi. Hatua ya kwanza ni ile ambayo uvimbe wote umo upande mmoja wa kifua, na waweza kuingia katika eneo moja la kupigwa mionzi. Hatua ya pili ni yote yaliyozidi hapo. Rasimu tuliyoletewa iliziita "hatua finyu" na "hatua pana". Kipimo chenyewe ni eneo la mionzi, kwa hiyo tunapendekeza "hatua ya eneo moja" na "hatua ya kuenea". Maneno haya yanasema jinsi mambo yalivyo.

Kemikali, mizizi na mionzi

Msingi wa tiba ya saratani ya viseli tangu miaka ya 1980 ni jozi ya dawa mbili, sisplatini na etoposidi. Badala ya sisplatini mara nyingi hutumiwa ndugu yake, kaboplatini. Sisplatini ni dawa ya madini ya platini. Mwaka 1965 Barnett Rosenberg na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan walikuwa wakipitisha umeme katika maji yenye bakteria. Wakaona bakteria wanarefuka bila kugawanyika, na baada ya kuchunguza wakatambua kuwa si umeme uliowazuia, bali chembe za platini zilizotoka katika nchani za umeme. Kilichoweza kuzuia mgawanyiko wa bakteria kilijaribiwa juu ya mgawanyiko wa saratani, na mwaka 1978 dawa ilipata kibali Marekani.

Tiba hii Kiswahili kimeipa jina la "tibakemikali". Kwa muundo ni neno zuri, nalo limekwisha kushika mizizi, hata tusitamani kuling'oa. Ila yafaa mwandishi wa maelezo ya wagonjwa akumbuke kuwa "kemikali" masikioni mwa wengi ni dawa ya kunyunyizia pamba, au maji machafu ya kiwandani. Wako wagonjwa wanaoikwepa "kemikali" wakaenda kutafuta dawa za miti. Ajabu ni kwamba etoposidi yenyewe asili yake ni mti. Ilitengenezwa kutokana na utomvu wa mizizi ya mimea ya jamii ya podofilamu, ambayo wenyeji wa Amerika ya Kaskazini na wa milima ya Himalaya waliijua kuwa dawa tangu zamani. Topotekani, ambayo hutolewa ugonjwa unaporudi, asili yake ni mti wa Uchina. Vinkristini, iliyotumika sana kabla ya jozi tuliyoitaja kushika nafasi, hutoka katika ua la Madagaska, ambalo hustawi pia katika bustani za pwani yetu. Tofauti kati ya dawa hizi na kikombe cha mganga ni kipimo: miligramu zinajulikana, madhara yameandikwa, na damu ya mgonjwa hupimwa kabla ya kila mzunguko. Sentensi mbili za namna hii ndani ya karatasi ya maelezo zingeweza kufanya kazi ambayo neno "tibakemikali" peke yake haliwezi.

Kwa mgonjwa aliye katika hatua ya eneo moja, mionzi hutolewa pamoja na tibakemikali, si baada yake. Hapa neno "sambamba" latosha kabisa, na hatuoni haja ya kuunda jingine. Utafiti wa Marekani uliotangazwa mwaka 1999 uliwalinganisha wagonjwa waliopokea grei 45 za mionzi kwa majuma matatu, mara mbili kila siku, na waliopokea kiasi kile kile kwa majuma matano, mara moja kila siku. Baada ya miaka mitano, 26 katika kila 100 wa kundi la kwanza walikuwa hai, na 16 katika kila 100 wa kundi la pili. Kila kipande cha mionzi huitwa na baadhi ya wafasiri "sehemu". Tunapendelea "fungu", kwa sababu "sehemu" itachanganywa na sehemu ya mwili.

Sasa tunafika penye neno letu. Saratani ya viseli hupenda kukimbilia katika ubongo, na dawa nyingi hazipenyi huko vizuri. Kwa hiyo kuna desturi ya kuupiga ubongo mionzi hata kabla picha hazijaonyesha uvimbe wowote. Uchambuzi uliotangazwa mwaka 1999, uliojumlisha wagonjwa 987 ambao uvimbe wao ulikuwa umetoweka baada ya tiba, ulionyesha kuwa waliopata mionzi hiyo na kufikisha miaka mitatu walikuwa 20.7 katika kila 100, na wasioipata 15.3. Lakini mionzi hiyo yaweza kudhoofisha kumbukumbu, na mwaka 2017 utafiti wa Japani juu ya wagonjwa wa hatua ya kuenea haukuona kuwa inarefusha maisha, mradi ubongo unapigwa picha mara kwa mara. Basi hapa mgonjwa anatakiwa achague: apigwe mionzi sasa, au achunguzwe kwa karibu na kusubiri.

Achague vipi iwapo karatasi yake imeandikwa "mionzi ya kinga ya ubongo"? Aliyezoea UKIMWI ataelewa kuwa ni mionzi ya kuongeza kinga iliyomo kichwani. Aliyefanya kazi chumba cha eksrei ataelewa kuwa ni kuukinga ubongo na mionzi, ambayo ni kinyume kabisa cha kinachotendeka. Ni mmoja tu kati ya watatu atakayepata maana iliyokusudiwa. Na neno "kinga" lina ubaya mwingine hapa: linaonekana kama limekwisha kuamua. Nani atakataa kukingwa? Tunapendekeza "mionzi tangulizi ya ubongo". Neno "tangulizi" husema tu kwamba mionzi inafika kabla ya uvimbe kuonekana, wala halimsukumi mtu upande wowote.

Kuamsha na kuzuia

Jambo gumu zaidi limeletwa na dawa mpya. Seli T, zile ambazo waelimishaji wa UKIMWI walizoea kuziita askari wa mwili, zina juu yake protini iitwayo PD-1, ambayo kazi yake ni kuzituliza zisije zikashambulia mwili wenyewe. Seli za saratani huonyesha protini nyingine, PD-L1, na zikigusana na askari huyo, naye hutulia kama aliyeonyeshwa kitambulisho. Dawa hizi mpya hukaa katikati ya protini hizo mbili, askari asipate amri ya kutulia. Tasuku Honjo wa Japani, aliyeigundua PD-1, na James Allison wa Marekani, aliyechunguza protini nyingine ya namna hiyo, walipewa Tuzo ya Nobeli ya tiba mwaka 2018.

Jina la Kiingereza la dawa hizi lina maneno mawili: la kwanza ni la kituo cha ukaguzi, kama kile cha polisi wa barabarani, na la pili ni la kizuizi. Dawa huzuia kinachozuia. Mfasiri akiliandama neno kwa neno hupata "kizuia vituo vya kinga", na msomaji wa kawaida, ambaye hana habari za vituo, huliacha neno la katikati akabaki na "kizuia kinga". Hili si kosa dogo la mtindo. Dawa za kuzuia kinga zipo kweli, na ndizo wapewazo waliobadilishiwa figo ili mwili usiikatae figo ngeni. Tena zinahitajiwa na mgonjwa wetu huyuhuyu, kwani askari aliyefunguliwa huweza kuyashambulia mapafu mazima, utumbo au tezi ya shingoni, na madaktari hulazimika kumtuliza kwa dawa za jamii ya steroidi. Basi mtu mmoja, katika mwezi mmoja, aweza kupewa dawa ya kuiamsha kinga na dawa ya kuituliza. Zikiitwa zote "dawa za kuzuia kinga", muuguzi wa zamu atakayemwuliza anatumia dawa gani atapata jibu lisilomsaidia, na mgonjwa mwenye kuhara au kupumua kwa shida atatibiwa kama mtu ambaye askari wake wamepungua, ilhali wamezidi ukali.

Kwa hiyo tunalikataa jina hilo kwa nguvu zote. Badala yake nini? Kiswahili kina muundo mzuri wa kuunganisha kitenzi na nomino, uliotupatia kipimajoto, kifunguamimba na kiamshakinywa. Tulifikiria "kifunguakinga", tukaliacha, kwa sababu ngome ikifunguliwa adui huingia. Tunapendekeza "kiondoabreki", au kwa ukamilifu "kiondoabreki cha kinga". Wako wenzetu wanaosema "breki" ni neno la gereji lisilofaa kuingia wodini. Tunawajibu kwamba kila Mswahili aliyewahi kupanda basi anajua breki ni nini, na anajua pia hatari ya gari lililoondolewa breki, hivyo madhara ya dawa yamo ndani ya jina lake. Steroidi na wenziwe tunapendekeza waitwe "vituliza kinga".

Na fani nzima iitweje? Hapo "tiba kinga" ndiyo inayojitokeza kwanza, nayo ni fupi na ina mvuto. Lakini jina hilo lina mwenyewe. Katika kliniki za kifua kikuu nchini Tanzania tiba kinga ni dawa apewazo mtu asiyeugua bado, kwa mfano aishiye na virusi vya UKIMWI, ili kifua kikuu kisimwamkie. Kuligeuza liwe "kingatiba" hakusaidii, kwa kuwa kingatiba ni zile dawa wanazomezeshwa watu kijiji kizima dhidi ya matende, kichocho na minyoo. Msomaji akumbuke kwamba mgonjwa wa saratani ya mapafu na mgonjwa wa kifua kikuu hukohoa namna moja, hukonda namna moja, na mara nyingi huanzia katika kliniki ile ile. Kumwambia mtu huyo kuwa atapewa "tiba kinga" ni kumwambia kuwa hana ugonjwa. Sisi tunapendekeza "tiba ya kuamsha kinga", na dawa moja moja ya namna hiyo "kiamshakinga". Linafanana na kiamshakinywa, na wachekao watacheka, lakini neno linalochekesha kidogo halisahauliki.

Miongoni mwa viondoabreki vilivyothibitika katika saratani ya viseli ni atezolizumabu na durvalumabu, zote zikishika PD-L1. Utafiti wa atezolizumabu uliotangazwa mwaka 2018, wenye wagonjwa 403 wa hatua ya kuenea, ulionyesha kuwa muda ambao nusu ya wagonjwa walikuwa bado hai ulikuwa miezi 12.3 dawa ilipoongezwa juu ya tibakemikali, na miezi 10.3 bila dawa hiyo. Miezi miwili si mingi. Katika utafiti wa durvalumabu, hata hivyo, baada ya miaka mitatu walibaki hai karibu 18 katika kila 100, na 6 tu katika kundi la tibakemikali peke yake. Mwaka 2024 yalitangazwa matokeo makubwa zaidi, ya durvalumabu kwa wagonjwa wa hatua ya eneo moja waliokwisha kumaliza mionzi na tibakemikali: miezi 55.9 dhidi ya 33.4. Lakini si kila kiondoabreki kilichofaulu. Nivolumabu na pembrolizumabu ziliruhusiwa Marekani kwa ugonjwa huu, kisha ruhusa hizo zikaondolewa na wenye dawa wenyewe, ya kwanza mwishoni mwa 2020 na ya pili mwaka 2021, kwa sababu tafiti za uthibitisho hazikuonyesha faida iliyotarajiwa.

Kiamshakinga cha namna nyingine ni tarlatamabu, ambayo ilipata kibali cha haraka Marekani mwezi Mei 2024. Ni kingamwili yenye mikono miwili. Mkono mmoja hushika DLL3, protini iliyo juu ya seli nyingi za saratani ya viseli na adimu katika seli nzima. Mkono wa pili humshika askari, seli T, na kumvuta mpaka wakutane uso kwa uso. Katika utafiti uliotangazwa mwaka 2025 juu ya wagonjwa 509 ambao ugonjwa ulikuwa umewarudia, muda wa nusu ulikuwa miezi 13.6 kwa tarlatamabu na 8.3 kwa tibakemikali. Mtu mmoja alituambia dawa hii aiite "mshenga", kwa kuwa inakwenda huku na huku kuwakutanisha wawili. Tulilipenda neno hilo, na katika kueleza kwa mdomo tungelitumia bila kusita. Ila mshenga huleta ndoa, na hapa linaloletwa ni mauaji. Tumechagua "kikutanishi".

Askari wengi wakiamshwa kwa pamoja humwaga katika damu kemikali za kupashana habari, ziitwazo sitokini, na mgonjwa hupata homa, shinikizo la damu hushuka, na pumzi humpungukia. Jambo hili hutokea hasa baada ya dozi mbili za mwanzo. Tunapendekeza "mfumuko wa sitokini", kwa kuwa kila mtu ameonja mfumuko wa bei na anajua maana yake. Karatasi ya maelezo haina budi kulitaja jambo hili kwa herufi nzito. Katika nchi zetu homa ni malaria mpaka ithibitike vingine, na mgonjwa aliyerudishwa nyumbani akapata homa usiku atakimbilia duka la dawa kabla ya kukimbilia hospitali.

Zinazofuata njiani ni kingamwili zilizobebeshwa sumu ya kuua seli, ambazo hupeleka mzigo wao mpaka mlangoni mwa saratani. Kadhaa zinajaribiwa sasa. Kwa hizo "kingamwili-mzigo" yatosha.

Kuitikia si kupona

Yapo maneno mengine mawili ambayo hayana "kinga" ndani yake, lakini hatuwezi kuyaacha. Saratani ya viseli huyeyuka upesi mbele ya tibakemikali ya kwanza. Katika wagonjwa wengi uvimbe hupungua sana ndani ya majuma machache, kisha kwa walio wengi hurudi. Kupungua huko wafasiri wamekuita "kupata nafuu" na hata "kupona". Mtu aliyeambiwa amepona huuza kitanda alichonunuliwa, hurudi kazini, na ugonjwa unaporudi huona amedanganywa, au amerogwa. Tunapendekeza "itikio": ugonjwa umeitikia dawa. Uvimbe usipoonekana tena katika picha, hilo ni "itikio kamili", na daktari aongeze palepale kwamba kutoonekana si kutokuwapo. Neno "kupona" liwekwe akiba kwa wachache wanaolistahili, nao wapo.

La pili ni ule muda wa nusu tulioutumia hapo juu pasipo kuufafanua. Katika rasimu uliitwa "wastani wa maisha". Wastani hupatikana kwa kujumlisha miezi ya wote na kuigawanya; huu haupatikani hivyo. Ukiambiwa miezi 12.3, maana yake ni kwamba kufikia hapo nusu walikuwa wamefariki na nusu walikuwa wakiishi, na miongoni mwa hao nusu wa pili wako walioishi miaka. Mgonjwa aambiwaye "wastani wako ni mwaka mmoja" hupokea tarehe ya kifo. "Muda wa nusu" tunaupendekeza kwa woga, kwani wanafizikia wana "nusumaisha" yao ya vitu vinururifu, na majina hayo mawili yatagongana siku moja.

Tumeulizwa kwa nini tunajitaabisha na majina ya dawa ambazo wagonjwa wetu walio wengi hawazioni. Ni kweli kwamba tegemeo la hospitali nyingi za Afrika ya Mashariki ni jozi ya platini na etoposidi, zilizomo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na kwamba bei ya viamshakinga ni kubwa mno. Lakini wako wapelekwao India kwa matibabu, wako ndugu zetu waishio Ulaya na Marekani wanaotiwa sahihi fomu za ridhaa kwa Kiswahili kilichofasiriwa na wageni, na dawa yenyewe ikishafika hapa haitasubiri istilahi.

Linabaki swali ambalo hatukuweza kulitatua. "Kingamwili" latumika leo kwa zile protini zenye umbo la Y zizalishwazo na mwili, nasi tumelitumia hivyo. Lakini wengine hulitumia kwa maana ya kinga nzima ya mwili. Wanaopendekeza "antibodi" iachiwe maana ya kwanza, na "kingamwili" ya pili, wana hoja, ila kamusi kadhaa zimekwisha kulisajili kinyume cha hivyo. Madaktari, wauguzi na wafamasia wenye mifano ya jinsi wagonjwa wao wanavyolielewa neno hili tunawaomba watuandikie kabla ya toleo lijalo, wakitaja sentensi yenyewe kama ilivyosemwa.